Kielekezi kinachobaki baada ya eneo kufutwa

SWALI: Ninaandika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo ya kujifunzia. Maeneo ya kumbukumbu ya kila mchakato nimeyapanga kwenye mti. Ili nisiupekue mti kila mara, nimeweka kwenye mchakato kielekezi kimoja (anwani ya muundo wa eneo) kinachokumbuka eneo lililopatikana mwisho. Kwa uzi mmoja (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya mchakato) kasi ilipanda. Kwa nyuzi nane kasi imepotea, na wakati mwingine kerneli inaanguka baada ya munmap, mwito wa kuondoa eneo la kumbukumbu. Nimekosea wapi?

JIBU: Hayo ni makosa mawili. La kasi ni jepesi. Kila uzi una staki yake (eneo lake la kazi kwenye kumbukumbu), hivyo uzi mmoja ukiandika eneo lake kwenye kielekezi, mwingine unalifuta papo hapo na kuandika la kwake. Juu ya hapo, kila uandishi unauvuta mstari wa kache ya prosesa (baiti 64 kwenye x86) kutoka kori moja hadi nyingine. Linux nayo ilitumia kielekezi kimoja cha namna hiyo hadi toleo 3.15 la mwaka 2014, kiraka cha Davidlohr Bueso, mmoja wa waandishi wa Linux, kilipokipa kila uzi nafasi nne za vielekezi. Katika jaribio la ebizzy, programu ya kupima kasi, utafutaji uliojibiwa na kache hiyo ya vielekezi ulitoka karibu asilimia 1 ukapita 99.

Nawe weka nafasi nne kwenye muundo wa uzi. Sogeza anwani biti 12 kulia (kwa kurasa za KB 4), kisha biti mbili za chini zichague nafasi. Usilikubali eneo mpaka uhakikishe anwani haiko chini ya mwanzo na ni ndogo kuliko mwisho. Anwani iliyo sawa na mwisho iko nje.

Kuanguka ndiko kunakotaka umakini. Munmap imeachilia muundo wa eneo, kielekezi bado kinauelekea. Tumia namba ya mfuatano: mchakato una namba yake, kila uzi una nakala. Unapoondoa eneo, ongeza namba ukiwa umeshika kufuli la kuandika, kabla ya kuachilia muundo. Uzi unaotafuta ulinganishe kwanza nakala yake na namba ya mchakato. Zikitofautiana, ufute nafasi zake zote nne na uchukue namba mpya. Wengi husahau kwamba mprotect, mwito wa kubadilisha ruhusa za eneo, nayo inaweza kuunganisha maeneo jirani, na muundo mmoja ukaachiliwa. Hapo pia ongeza.

Namba iwe ya biti 64. Ya Linux ilikuwa ya 32: baada ya mabadiliko 4,294,967,296 inarudi ilikoanzia, na kielekezi kilichokufa kinaonekana halali. Palikuwa na msimbo wa kufuta kache zote namba ikizunguka, lakini mchakato wenye uzi mmoja uliruka hatua hiyo. Jann Horn, mtafiti wa usalama, aligundua tundu hilo mwaka 2018 (limesajiliwa kama CVE-2018-17182); dawa ikawa biti 64, na ule msimbo ukaondolewa.

Kwenye fork (kuzaa mchakato mtoto) na exec (kupakia programu mpya) futa nafasi zote: kwenye fork muundo wa mtoto hunakiliwa pamoja na vielekezi vya mzazi, na kwenye exec maeneo ya zamani hayapo tena. Na uzi unaposoma kumbukumbu ya mchakato mwingine, kama kitatuzi (debugger) kinavyofanya, usiweke matokeo kwenye kache ya uzi huo.

Kabla ya yote hayo, hesabu ni mara ngapi kache inajibu na mara ngapi inakosa. Linux iliitoa kache hii katika toleo 6.1, Desemba 2022, ilipohamia mti wa maple, wa jamii ya miti ya B (B-tree), ambao nodi zake pana hufanya utafutaji uwe na hatua chache. Kama michakato yako ina maeneo ishirini tu, jaribu kwanza safu iliyopangwa kwa anwani, bila kache yoyote.