Nikinakili mara mbili, la kwanza huenda wapi?

SWALI: Nikinakili sentensi mbili mfululizo, nikibandika hutoka ya pili tu. Tena jana aya nzima ilitoweka, ikabaki herufi c. Kuna tatizo gani?

JIBU: Kompyuta yako ni nzima. Ctrl+C, yaani amri ya kunakili, huhifadhi kitu kimoja. Ukinakili kingine, cha kwanza hufutika. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, kisha ukubali kuwasha historia ya kunakili. Kuanzia hapo itatunza hadi vitu 25, nawe utachagua cha kubandika. Ukizima na kuwasha kompyuta orodha hufutika, isipokuwa ulivyovibana kwa alama ya pini.

Kuhusu aya, uligusa C kabla Ctrl haijashikika, na maandishi yaliyochaguliwa hufutwa na herufi yoyote unayoandika. Shikilia Ctrl kwanza, gusa C mara moja, ndipo uachie. Likitokea tena usiandike kitu: bonyeza Ctrl+Z hadi aya irudi. Ukipitiliza, Ctrl+Y hurudia hatua uliyoitengua. Hiyo Ctrl+Z ndiyo ya kujifunza kabla ya zote, maana huokoa kazi.

Wenye Mac watumie Command badala ya Ctrl. Ila kurudia hatua, badala ya Ctrl+Y, ni Command+Shift+Z.