Jibu: Watempla wa Ureno walipotelea wapi baada ya 1312?

Salaam mkuu. Umekwama kwa sababu Watempla wa Ureno, wale watawa wapiganaji wa Kikristo, wanatoweka baada ya 1312, ukadhani walichomwa moto kama wale wa Ufaransa. Sivyo. Papa alipolivunja shirika lao, Mfalme Dinis wa Ureno hakukubali mali ile iende kwa Wahospitali, shirika jingine la watawa wapiganaji. Akambana Papa aliyefuata hadi 1319 likapatikana Shirika la Kristo, likarithi ardhi na ngome. (Msalaba wake ndio huo wa matanga ya Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi 1498.)

Mimi huwafuatilia kwa mahali, si kwa jina. Anza na Castro Marim, mji wa Ureno uliokuwa makao ya kwanza ya Shirika la Kristo, kisha mji wa Tomar kuanzia 1357. Ngome ya Tomar ilianzishwa na Mtempla, Gualdim Pais, mwaka 1160.