Kabla hujameza dawa nyingine ya sainasi, omba pua iangaliwe

Hapa Mwanza ukisema kichwa kinauma, hujamaliza hata kueleza unaambiwa nenda kapime malaria. Majibu yakitoka safi, basi ni taifodi. Tunaishi kando ya ziwa na malaria ipo, kwa hiyo kupima ni lazima, sipingi hilo hata kidogo. Ninachopinga ni mtu kuendelea kumeza dawa za magonjwa ambayo vipimo vimeyakataa, huku pua imeziba mwezi wa tatu, makohozi yanamshukia kooni kila akilala, na kitunguu kinakaangwa jikoni asisikie harufu. Mimi nimeishi hivyo muda mrefu, kumbe ni sainasi sugu, uvimbe wa vyumba vya hewa vya usoni usioisha. Nawaandikia wanaoishi hivyo sasa hivi.

Ni mwalimu, nakaa Nyakato. Nimekulia Ukerewe, nyumba ambayo jiko la kubanikia samaki lilikuwa halizimiki, na baadaye nikahamia kwenye vumbi la chaki na la barabara zetu za kiangazi. Nilipoanza kuugua nilipewa dozi za malaria, nikapewa za taifodi, nikapewa antibayotiki za aina aina. Kila dozi ilinipa nafuu ya siku chache, kisha uso ukawa mzito tena. (Kuhusu taifodi niseme hili: kile kipimo cha Widali tunachopimwa mara nyingi kinaweza kuonyesha una ugonjwa kwa sababu tu uliwahi kuupata zamani. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha maabara bakteria waliomo kwenye damu. Ukiambiwa una taifodi mara ya nne kwa mwaka mmoja, una haki ya kuuliza imepimwaje.)

Aliyenitoa huko ni daktari wa masikio, pua na koo. Alinieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza. Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa, jozi nne: vya mashavuni, vya juu ya nyusi, vidogo vidogo vya katikati ya macho, na vya ndani kabisa nyuma ya pua. Vyote vimetandikwa utando laini unaotoa ute, na utando huo una vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma ute utoke nje kupitia vitundu vyembamba. Utando ukivimba, vitundu vinabana, ute unabaki ndani na kuwa mzito. Kwenye sainasi ya ghafla, ile inayofuata mafua, uvimbe unaisha wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne. Kwenye sainasi sugu, uvimbe wenyewe ndio ugonjwa. Bakteria wanaweza kuwepo, lakini ukiwaua na kuuacha utando umevimba, hujatibu kitu. Nilipoelewa hapo ndipo nikaelewa kwa nini zile dozi zote hazikunifikisha popote.

Sasa, utajuaje kama unayo? Madaktari wana kigezo ambacho hata wewe unaweza kukishika kichwani. Wanaangalia mambo manne: pua kuziba, kamasi nzito kutoka mbele au kushuka kooni, maumivu au uzito usoni, na kupungukiwa uwezo wa kunusa. Uwe na angalau mawili, na moja kati ya hayo liwe kuziba au kamasi, na hali hiyo iwe imedumu wiki 12 au zaidi. Halafu hilo peke yake halitoshi. Lazima uvimbe, usaha au nyama za pua (vivimbe laini vinavyoota ndani ya pua) zionekane, ama kwa kuangalia ndani ya pua kwa kifaa chembamba chenye taa na kamera, ama kwa picha ya CT, ile ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa vipande vipande. Hapa ndipo wengi tunapokosea njia, kwa sababu tunatibiwa kwa maelezo tu.

Na kama shida yako ni kichwa peke yake, pua ikiwa wazi na huna kamasi, ifikirie upya hiyo sainasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwachunguza watu karibu 3,000 waliokuwa wanajiita wagonjwa wa kichwa cha sainasi. Asilimia 88 yao walikutwa na maumivu ya aina ya kipandauso. Kipandauso kinaweza kuuma kwenye paji la uso na mashavuni, kinaweza hata kutoa machozi na kamasi nyepesi, ndiyo maana kinawachanganya watu. Lakini dalili zake nyingine ni kuchukia mwanga na kelele, kichefuchefu, na kupigapiga kichwani kunakozidi ukitembea. Dawa zake ni tofauti kabisa. Mwalimu mwenzangu alihangaika na matone ya pua miaka, kumbe ni kipandauso. Leo anaishi vizuri.

Kuhusu eksirei ya uso: bado watu wengi wanapigwa hiyo. Kwa sainasi sugu haisaidii sana, inakosa mengi na wakati mwingine inaonyesha kivuli kisicho na maana. Kama pesa yako ni ya kipimo kimoja, zungumza na daktari uone kama ni bora kuitunza kwa ajili ya CT, na hata hiyo CT hufanyika vizuri baada ya kuanza matibabu, si siku ya kwanza. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda na wataalamu wa pua wapo. Wa Geita na Sengerema siku hizi mnavuka darajani pale Kigongo, hamna tena kungoja kivuko. Anzia kituo cha karibu, uombe rufaa kwa maandishi, na kama una bima uliza mapema inagharamia nini.

Ukifika, usiseme tu "daktari, nina sainasi". Mwambie imeanza lini, inaziba upande mmoja au yote, kamasi ina rangi gani, unanusa au hunusi, una pumu au huna, na kama dawa za maumivu kama aspirini au diklofenaki zimewahi kukubana kifua. Hilo la mwisho ni muhimu sana, kwa sababu kuna watu wenye pumu na nyama za pua ambao dawa hizo zinaweza kuwaletea hatari. Mwambie pia kuhusu meno. Mizizi ya magego ya juu inakaa karibu kabisa na chumba cha hewa cha shavuni, na jino bovu linaweza kukijaza usaha upande mmoja, wenye harufu mbaya. Mtu wa hivyo anamhitaji daktari wa meno kwanza. Na ukiambiwa upime sukari na virusi vya UKIMWI, kubali bila kinyongo, maana kinga ikishuka, fangasi wanaweza kuingia kwenye vyumba hivyo na mambo yakabadilika haraka.

Mimi nilikutwa na uvimbe na nyama ndogo pande zote mbili, na aleji ya vumbi. Nikaambiwa wazi kwamba hakuna dozi ya kumaliza siku saba na kusahau. Ni jambo la kila siku, sawa na kupiga mswaki.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni cha bei ndogo kuliko vyote: kuosha pua kwa maji ya chumvi. Nitakieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wanakifanya vibaya kisha wanasema hakifai.

Kwanza maji. Usitumie maji ya bomba moja kwa moja, usitumie ya kisima, na ya ziwani ndiyo usiyaguse kabisa. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika nzima au zaidi, yafunike, yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayeishi kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, ni adimu sana, lakini akipanda ubongoni kupitia pua karibu kila mara anaua. Ukimmeza tumboni hana madhara. Puani ndiko kwenye hatari. Kwa hiyo hili la kuchemsha halina mjadala.

Kwenye lita moja ya maji hayo weka chumvi laini kijiko cha chai kimoja na nusu, usawazishe kwa kisu, na nusu kijiko cha bekingi soda ili isiwashe. Sio bekingi pauda, na sio magadi ya kulainishia maharage, tafadhali. Chumvi isiyo na madini joto ni bora kwa pua, ila ukiikosa na ya mezani haikuwashi, endelea. Ukipata pakiti zilizopimwa tayari duka la dawa, vizuri zaidi. Mchanganyiko usilale zaidi ya siku moja.

Inama juu ya karai, fungua mdomo, pumua kwa mdomo. Tumia chupa laini ya kubinya au bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Sukuma taratibu tundu moja, maji yatokee tundu la pili au mdomoni, kisha geuza. Robo lita kwa mara moja inatosha, asubuhi na jioni. Matone mawili matatu hayaoshi kitu, wingi wa maji ndio kazi yenyewe. Ukimaliza penga polepole, upande mmoja kwa wakati, maana kupenga kwa nguvu kunasukuma uchafu masikioni. Usifanye dakika za mwisho kabla ya kulala, maji yaliyobaki yatakutoka kwenye mto. Chupa ioshwe kwa sabuni, isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, na ikauke kabisa.

Baada ya kuosha ndipo inafuata dawa ya kupuliza yenye steroidi, yaani ya kushusha uvimbe, ambayo daktari atakuchagulia: flutikasoni, mometasoni, budesonidi, zote ni za familia moja. Inamisha kichwa mbele kidogo. Tundu la kushoto tumia mkono wa kulia, la kulia mkono wa kushoto, na ukiwa ndani ya tundu uelekeze dawa upande wa nje, usawa wa kona ya nje ya jicho, usielekeze kwenye ukuta wa katikati. Ukipuliza ukutani unapata damu. Vuta pumzi kidogo tu, ukinusa kwa nguvu dawa yote inashukia kooni. Na uwe na subira: inahitaji wiki kadhaa za kutumia kila siku kabla hujaona faida yake kamili. Watu wengi wanaiacha wiki ya kwanza kwa sababu haikuzibua siku ileile.

Yale matone yanayozibua pua palepale, ya oksimetazolini na zailometazolini, ni kitu kingine kabisa, na yanauzwa kila duka. Yasizidi siku tatu, kwa wingi tano. Ukiyazoea, pua inaziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, nawe unaongeza, na unaingia kwenye mduara mgumu kutoka. Vivyo hivyo usijinunulie steroidi za kumeza kama prednisoloni wala kuchomwa za sindano kama deksamethasoni mtaani eti "inakausha". Dozi fupi chini ya daktari inaweza kusinyaza nyama za pua, lakini bila usimamizi inapandisha sukari na presha. Kama una aleji, setrizini inasaidia. Piritoni inalewesha usingizi, siipendi kwa mtu mwenye kazi.

Najua mtaniuliza nyungu. Mvuke unalegeza kamasi na unaburudisha, siukatai kwa mtu mzima, lakini hauondoi uvimbe sugu, na sufuria la maji ya moto chini ya shuka na watoto wakiwa karibu ni ajali. Ugoro acheni, wazee wangu. Chafya zile mnazoziona ni dawa, ni utando unaoteswa na tumbaku. Na mtu wa mnadani anayekuwekea unga puani au kukata "nyama" kwa wembe, mkimbie.

Moshi na vumbi navyo vipunguzwe kadiri hali inavyoruhusu. Mama yangu tulimhamishia jiko la kubanikia nje, upepo unakopita, na kikohozi chake kimepungua. Wanaopakia dagaa wakavu pale Mwaloni Kirumba wafunge kitambaa au barakoa, na wakirudi nyumbani waoshe pua. Mimi ubao naufuta kwa kitambaa kibichi.

Wapo ambao haya yote hayatawatosha. Miezi ikipita na pua bado imefungwa, upasuaji wa kupanua vile vitundu kwa kamera upo, na unasaidia. Lakini kuosha na kupuliza kunaendelea baada ya upasuaji, la sivyo nyama zinarudi. Mwambieni ukweli huo ndugu yenu kabla hajauza ng'ombe akidhani anakwenda kumaliza kazi.

Mtoto mdogo anayetoa kamasi yenye harufu upande mmoja tu, mara nyingi kaingiza kitu puani, punje ya mahindi, shanga, kipande cha sponji. Usimchokoe, mpeleke. Betri ndogo ya saa ikiingia, ni ya kuwahi saa hiyohiyo, inachoma. Mtu mzima aliyeziba upande mmoja tu na anatoka damu, naye aonwe mapema, kwa sababu uvimbe mwingine wa puani huanza hivyo. Na jicho likivimba au likaanza kuona viwili, paji la uso likivimba, shingo ikikakamaa na homa kali, au mtu akianza kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Chukua bodaboda, bajaji, chochote kilichopo, ufike hospitali usiku huo.