Mtoto akiuliza: yale maji yalikuwa dawa kweli?

Mwanangu wa miaka tisa anasoma hadithi ya Vita vya Maji Maji. Ameniuliza kama yale maji yalikuwa dawa kweli. Nimjibuje? (Baba, Morogoro)

Mwambie ukweli: hayakuzuia risasi. Ila usiishie hapo, atawaona babu zake wajinga. Mweleze habari ya kodi, viboko, na mashamba ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuyalima. Ndipo mganga Kinjeketile wa Ngarambe alipotoa maji yake, na mwaka 1905 watu waliokuwa hawaelewani wakajikuta upande mmoja. Nyumbani kwangu nilitia punje za mtama kwenye kikombe cha maji, maana mtama ulikuwemo kwenye dawa ile. Binti yangu alikitazama weee, kisha akasema, "Ningeogopa, lakini ningekunywa."

Watoto hawatachanganya hadithi na somo la historia?

Watachanganya, na hapo ndipo utamu ulipo. Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969), mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake si yuleyule wa historia. Wape penseli, waweke alama pembeni kila wanapohisi mwandishi amebuni. Wangu waliwekea alama kunyongwa kwa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika vita hivyo, wakidhani ni chumvi. Bahati mbaya, hilo lilitokea kweli, mwaka 1906.

Sasa huko kunyongwa, nikusome au nikuruke? Mdogo wangu wa mwisho ana miaka sita.

Wa miaka sita, ruka wala usijilaumu. Mkubwa msomee, lakini mchana, si saa ya kulala.

Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili. Hicho kingine watakikuta shuleni.

Tulikuwa tunasoma hadithi ya msiba wa Mwalimu Nyerere, bibi yao akaanza kulia. Watoto wakaduwaa. Nilikosea? (Mama Neema, Mwanza)

Hukukosea, mama. Siku nyingine funga kitabu, umwachie bibi. Kitabu kitawaambia Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, bendera zikapepea nusu mlingoti, akazikwa Butiama. Bibi atawaambia alikuwa akifanya nini redio ilipotangaza. Mama yangu alikuwa akichambua mchele. Aliuacha ungo pale pale mkekani akatoka nje, akawakuta majirani nao wametoka, hakuna anayesema kitu. Mpaka leo hajui ule mchele aliumalizia nani.