Mahindi si sumu, ila tumbo halikuyazoea
Pole sana, ndugu. Umeuliza kwa nini ng'ombe wako amelala chini tangu alipovamia gunia la mahindi, ilhali mahindi ni chakula. Tatizo lipo kwenye tumbo lake la kwanza. Humo mna vijidudu, mabilioni katika kila kijiko cha maji yake, na hao ndio wanaovunja nyasi. Ng'ombe mwenyewe hawezi. Sasa wanga mwingi ukiingia kwa ghafla, bakteria wanaoupenda huzaliana upesi mno na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huwaua wenzao na kuunguza ukuta wa tumbo, na maji ya mwilini hukimbilia humo. Ndiyo maana ukibonyeza ubavu wa kushoto unasikia majimaji, macho yamezama, na kinyesi ni chepesi chenye harufu ya uchachu.

Mwite daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje asubuhi. Nafaka usimpe kabisa. Akipona, pumba umwongezee kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 3. Mimi nilisubiri kupambazuke, nikampoteza mtamba mwenye mimba ya miezi 7.