Mwanangu Zuhura, kwa nini siachi bustani

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeniuliza, "Mama, bustani hiyo ina nini ambacho sisi wanao hatukupi?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungelizana.

Siku za msiba wa baba yenu nyumba ilijaa watu. Matanga yakaisha, nikakaa eda yangu, miezi 4 na siku 10, majirani wakipokezana kuja kunitazama. Nilipotoka eda ndipo upweke wenyewe ulipoanza. Watu walikuwa wamesharudi kwenye shughuli zao, na ni haki yao. Mimi ikifika saa kumi na moja jioni bado nilikuwa nainjika chai ya watu wawili.

Ninyi mlinipigia kila siku, Mungu awajaze kheri. Lakini mlipouliza, "Mama, umelala?" nilijibu nimelala, hata kama nimekesha. Sauti yako nayo ilikuwa ya mfiwa, mwanangu. Ningekuongezeaje?

Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyenitoa ndani. Kwenye kile kiwanja nyuma ya msikiti yeye na wajane wenzake walikuwa wanalima mboga. Hakuniuliza hali. Alinipa kopo lililotobolewa matundu, akasema, "Tuta lile halijanyweshwa." Basi. Tangu siku hiyo saa kumi na moja yangu ina kazi.

Tulianza na mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo tunazichanganya na mchanga mkavu zisianguke pamoja, tunatandaza nyasi juu, tunamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya nne au ya tano unainua nyasi, unakuta vijani vimetokeza. Baada ya wiki tatu, nne, unavuna. Mwaka ujao ulikuwa giza kwangu, Zuhura, sikuweza hata kuufikiria. Siku nne niliziweza.

Mwezi uliopita tulikuwa na mama aliyezika mtoto wake mdogo. Mchicha wake ulisongamana, tukamwambia aupunguzie. Aking'oa mche mmoja akaushika kiganjani, vimizizi vyake kama nyuzi, akashindwa kuendelea. Hatukumwambia avumilie; hayo ameambiwa vya kutosha msibani. Bi mkubwa wetu alichimba vishimo kwenye tuta lililokuwa wazi, wakaihamisha miche wote wawili, mmoja mmoja, mpaka adhana ya magharibi. Alikuwa analia huku anapanda, na hakuna aliyemnyamazisha.

Hicho ndicho ninachokipata kule. Kwako nayazuia machozi kwa sababu wewe ni mwanangu. Kule simzuilii mtu.

Mwanza nitakuja, usidhani nimekukataa. Nitakaa wiki mbili, tuta langu watanimwagilia wenzangu kama nami nilivyowamwagilia wao. Lakini kuna jambo limenikaa moyoni. Ulimzika baba yako, na siku ya tano ukawa kazini. Sijawahi kukusikia ukilia tangu hapo, nami najua vizuri mtu anavyojibu "nimelala."

Likizo ukija, beba nguo za kuchafuka. Kuna tuta la bamia karibu na kisima, sijampa mtu.

Mama yako