Kanzidata ya MySQL iliyokwama kwenye Windows XP: namna ninavyoihamishia Linux

Kazi za namna hii huja na maelezo yaleyale. Ofisi ndogo, iwe saccos, zahanati au duka la jumla, ilitengenezewa programu mwaka 2008 au 2010 na kijana ambaye leo simu yake haipatikani. Programu ni ya PHP, kanzidata ni MySQL, na vyote viliwekwa kwa WampServer au XAMPP, vifurushi vinavyosakinisha PHP na MySQL kwa pamoja, juu ya Windows XP. Mashine ikachapa kazi chini ya meza, vumbi limejaa, mpaka siku ilipogoma kuwaka. Sasa wamenunua seva mpya yenye Ubuntu na wanataka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa.

Fundi wa kwanza kuitwa hufungua diski, akakuta folda yenye jina la kanzidata, akainakili kwenye flashi na kuibandika ndani ya MySQL 8. Seva mpya ama haioni kitu ama inatoa makosa, na mwenye ofisi anaambiwa data zimekufa. Mara nyingi hazijafa hata kidogo. MySQL 8.0, iliyotoka 2018, iliachana kabisa na mafaili ya .frm yaliyokuwa yakibeba muundo wa majedwali, kwa hiyo folda ya mwaka 2010 haiijui. Hata njia rasmi ya kupandisha matoleo haikuruhusu kuruka: kutoka 5.1 unapita 5.5, 5.6, 5.7, ndipo ufike 8.0. Kila kituo kina makosa yake, na kwa data ambazo hujui zina hali gani, sioni sababu ya kupita kote huko.

Mimi hufanya hivi: natafuta toleo lilelile lililoandika data, nalirudisha hai mahali pa pembeni, nalo linazitoa data zikiwa maandishi ya kawaida ya SQL, yaani amri ambazo seva nyingine ikizisoma inaijenga kanzidata upya. Kinachohamia Linux ni maandishi hayo, si mafaili. Nitaeleza kwa kutumia kazi ya saccos moja, kwa sababu ilikuwa na karibu kila mtego ninaoufahamu.

Diski kwanza. Kama mashine bado inawaka na diski haigongigongi, usiguse bisibisi. Fungua dirisha la amri hapohapo na uendeshe mysqldump, programu ya MySQL inayotoa faili hilo la SQL (dampo), kabla ya jambo lingine lolote. Tumia --result-file kutaja faili la kuandikia badala ya alama ya >. Windows ina tabia ya kubadilisha miisho ya mistari, na PowerShell huandika faili zima kwa UTF-16, mfumo mwingine wa kuandika herufi, halafu unajiuliza kwa nini Linux inalikataa.

Kama haiwaki, toa diski, ichomeke kwa waya wa IDE kwenda USB, na kabla ya kuchokonoa chochote chukua taswira yake nzima, yaani nakala ya diski yote ndani ya faili moja:

ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map

Hakiki kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kwamba /dev/sdb ndiyo diski ya mteja kweli, maana ukikosea hapa ndiyo umekosea. Faili la .map linakumbuka sehemu zilizosomeka na zilizogoma, hivyo umeme ukikatika katikati unaendelea ulipoishia. Diski yenyewe unaifunga kwenye bahasha na kuirudisha kwa mwenyewe. Taswira ndiyo unayoifungua, kwa kusoma tu:

mount -o ro,loop,offset=32256 diski.img /mnt/zamani

Hiyo 32256 haikuokotwa. Windows XP ilianzisha sehemu ya kwanza ya diski kwenye sekta ya 63, na sekta moja ni baiti 512. Kuanzia Vista mwanzo ulihamia sekta ya 2048, yaani 1048576. Ukiona mount inalalamika, fdisk -l itakuonyesha sekta ya kweli.

Ukishaingia, nenda C:\wamp\bin\mysql au C:\xampp\mysql na uchukue folda ya data yote pamoja na my.ini, faili la mipangilio ya MySQL. Yote. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo data za watu zinapotelea. Ndani ya folda ya kanzidata utakuta mafaili matatu kwa kila jedwali: .frm, .MYD na .MYI. Hayo ni majedwali ya MyISAM, moja ya injini ambazo MySQL hutumia kuhifadhi data, na kwa kiasi kikubwa yanajitegemea; .MYD ndiyo yenye data, na faharasa ya .MYI ikiharibika myisamchk -r huijenga upya. Lakini ukikuta jedwali lina .frm peke yake, hilo ni la injini nyingine, InnoDB. Data zake hazimo humo. Zimo kwenye faili kubwa la ibdata1 lililo nje, ngazi moja juu, pamoja na ib_logfile0 na ib_logfile1. Kabla ya 5.6 huo ndio ulikuwa mpangilio wa kawaida: majedwali yote ya InnoDB ya kanzidata zote katika ibdata1 moja. Anayebeba folda yenye jina la kanzidata pekee amebeba jalada, kitabu kakiacha. Na kama kompyuta ilishafomatiwa baada ya hapo, ndiyo basi.

Kujua toleo ni rahisi. Ndani ya data mara nyingi kuna faili lenye jina la kompyuta na mwisho wa .err. Tafuta maneno "ready for connections" na mstari unaofuata utataja toleo kamili, kwa mfano 5.1.36-community. Oracle, wamiliki wa MySQL, bado wanahifadhi matoleo hayo ya zamani kwenye kumbukumbu zao za kupakua, na mara nyingi mysqld.exe, yaani seva yenyewe ya MySQL, iliyo kwenye folda ya wamp yenyewe inatosha. Usihangaike kuamsha Windows XP yote ya mteja kwenye kompyuta pepe. Itakusumbua na skrini ya buluu kwa sababu vifaa vimebadilika. Weka Windows safi kwenye VirtualBox, ikate mtandao, weka nakala ya data, rekebisha basedir na datadir (mahali ilipo programu na zilipo data) kwenye my.ini, kisha:

mysqld --defaults-file=C:\kazi\my.ini --console --skip-grant-tables

Kwa --console makosa yanakuja mbele ya macho yako, na --skip-grant-tables inakuondolea shida ya neno la siri ambalo hakuna anayelikumbuka.

Kosa la kwanza tulilokutana nalo kwa saccos lilikuwa la ib_logfile0 kuwa na ukubwa tofauti na uliotajwa. Fundi aliyetangulia alitumia my.ini ya kwake. Matoleo ya zamani hayasamehe hilo: innodb_log_file_size lazima ilingane na ukubwa halisi wa faili. Na 5.1 ina ujanja mbaya: inaweza kuwaka hata hivyo huku InnoDB imezimwa, majina ya majedwali yanaonekana yote, ila ukifungua moja unaambiwa injini haijulikani. Hapo wengi hukata tamaa, kumbe ni tarakimu moja kwenye my.ini. Kama InnoDB yenyewe imeumia, kuna innodb_force_recovery, kuanzia 1 hadi 6. Anza na 1, panda polepole, na kumbuka kwamba kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja. Ndiyo maana tunacheza na nakala.

Seva ya zamani ikishawaka, kila mtu anataka kukimbilia mysqldump. Ngoja kidogo. Angalia pesa zimehifadhiwa kwa aina gani.

Jedwali la wanachama lilikuwa na safu ya akiba iliyotangazwa FLOAT, aina ya namba za desimali zinazohifadhiwa kwa kukadiria, bila kutaja tarakimu. MySQL inapoonyesha FLOAT ya namna hiyo huikata hadi tarakimu sita za maana, na mysqldump huandika kile kinachoonyeshwa. Mwanachama mwenye 1,234,567 anatoka na 1,234,570. Kwenye diski thamani ni sahihi, ila ikishapita kwenye dampo imeshapotea, na hakuna kosa lolote litakalotokea. Jaribu mwenyewe: chagua akiba, na pembeni yake akiba*1, uone zinavyotofautiana. Dawa ni kubadili safu iwe DOUBLE, aina yenye nafasi ya tarakimu nyingi zaidi, kwenye nakala, kabla ya kutoa dampo. Kuna mpaka lakini: FLOAT haiwezi kushika kila namba nzima zaidi ya 16,777,216. Mwenye akiba ya 23,456,789 aliandikwa 23,456,788 tangu siku ile, na hapo hakuna programu ya kukuokoa, unarudi kwenye daftari. Kwa nini mtu aweke shilingi za watu kwenye FLOAT, sijui, lakini nimeiona mara nyingi mno.

Mtego wa pili uko kwenye majina. Kiswahili hakina herufi za ajabu, kwa hiyo watu hudhani suala la usimbaji, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti, ni la Wafaransa. Tuna ng', na ile alama yake inatosha kuleta balaa. Jina kama Ng'wandu likiandikwa kwenye Word kisha likabandikwa kwenye programu, alama inakuwa ile iliyopinda, na kwenye seva mpya linatokea kama Ngâ€™wandu. Usianze kurekebisha kwa mkono. Uliza seva ya zamani SELECT HEX(jina), ikuonyeshe baiti zenyewe. Ukiona 4E67E28099, programu ilikuwa ikimwaga UTF-8, usimbaji wa lugha zote, ndani ya safu ya latin1, usimbaji wa zamani wa lugha za Ulaya Magharibi; toa dampo kwa --default-character-set=latin1 ili baiti zitoke zilivyo, kisha ndani ya faili badilisha SET NAMES latin1 na CHARSET=latin1 kuwa utf8mb4, jina la MySQL la UTF-8 kamili. Ukiona 4E6792, safu ni latin1 ya kweli, toa dampo kwa utf8 na seva itatafsiri yenyewe. Ukiona zote mbili kwenye jedwali moja, kama tulivyoona sisi, amua njia moja na ile sehemu nyingine uisahihishe rekodi kwa rekodi baadaye.

Upande wa Linux una mambo machache. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya majedwali, Linux inajali. Programu inayoita Wanachama wakati jedwali ni wanachama itagoma, kwa hiyo weka lower_case_table_names=1, tena kabla ya kuanzisha seva, maana MySQL 8 haikuruhusu kubadilisha baadaye. Tarehe za 0000-00-00 zitakataliwa. Legeza sql_mode, mpangilio wa ukali wa seva, wakati wa kupakia tu, kisha uzigeuze kuwa NULL. Usihamishe kanzidata ya mfumo inayoitwa mysql, tengeneza watumiaji upya. Na mwambie mteja mapema kwamba programu ya PHP yenyewe ni kazi nyingine: mysql_connect, amri ya zamani ya PHP ya kuunganisha na MySQL, iliondolewa PHP 7, na maneno kama groups na rank sasa MySQL 8 imeyafanya yake, kama maneno ya amri.

Uhakiki usiufanye peke yako. Idadi ya rekodi kwa kila jedwali na jumla ya kila safu ya pesa unaweza kulinganisha mwenyewe kati ya seva mbili, na nilikuta zinalingana hadi senti. Lakini muombe mhazini alete ripoti ya mwisho iliyochapishwa kabla mashine haijafa, achague wanachama anaowataka yeye, wakiwemo wenye akiba kubwa na wenye ng' kwenye majina, mkae mpitie akisoma yeye karatasi na wewe skrini. Akiridhika, asaini. Baada ya hapo mkabidhi dampo la SQL na taswira ya diski kwenye diski ya nje, pamoja na ile mysqld ya zamani na my.ini yake, na ufute nakala zote zilizobaki kwenye kompyuta yako. Ni taarifa za watu, na tangu 2023 Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi inayofanya kazi.